Itifaki Mbili, Swichi Moja: Tafakuri ya Kihistoria Kuhusu Iringa na Mbeya



Neno itifaki lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili ni ndugu wa afiki na mwafaka. Maana yake ya msingi ni mapatano. Wataalamu wa mtandao walipolitumia kutaja kanuni zinazofuatwa na mashine katika kupokezana taarifa, hawakulipotosha, kwani mashine zisizoafikiana haziwezi kuwasiliana. Katika mhadhara huu nakusudia kuonesha kwamba mapatano ya zamani na mapya yanapolazimika kuishi pamoja, gharama ya kuchelewa huwaangukia zaidi waliofika mwisho.

Itifaki ya intaneti ya zamani, yaani toleo la 4, ilichapishwa mwaka 1981. Anwani yake ina biti 32. Kwa hiyo anwani zote hazifiki bilioni 4.3. Toleo la 6, lililosanifiwa katika miaka ya 1990, lina anwani ya biti 128. Hata hivyo, matoleo hayo hayaelewani. Kompyuta yenye toleo moja tu haiwezi kuzungumza moja kwa moja na yenye jingine tu. Ama awepo mkalimani, ama ujumbe wa toleo moja ufungwe ndani ya ujumbe wa toleo la pili, ama vifaa vijue yote mawili.

Swichi ya kawaida haipati taabu. Yenyewe husoma bahasha ya nje tu, wala haifungui barua iliyomo. Hivyo hupitisha matoleo yote mawili katika waya mmoja. Taabu huanza kwa swichi inayoelekeza safari baina ya mtandao na mtandao. Hiyo haina budi kutunza majedwali mawili ya njia, na kwa kuwa anwani mpya ni ndefu mara nne, huhitaji kumbukumbu kubwa zaidi. Aidha, kanuni za ulinzi zilizoandikwa kwa toleo la 4 hazilindi toleo la 6. Fundi anayesahau jambo hili hufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hali hii si ngeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 lugha yetu iliandikwa kwa hati ya Kiarabu na kwa hati ya Kirumi kwa wakati mmoja. Aliyezijua zote mbili alisoma barua za pande zote. Aliyejua moja alihitaji msomaji.

Sasa tutazame Nyanda za Juu Kusini. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, na nyaya zake zikapita Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, kuelekea Zambia. Mwezi Februari 2011 hazina kuu ya dunia ya anwani za toleo la 4 ikaisha. Yaliyobaki yakawa akiba za kanda. Kwa maneno mengine, njia ilifika wakati viwanja vinamalizika. Dawa iliyozoeleka ni watumiaji wengi kushirikiana anwani moja ya nje. Mtu wa namna hiyo huweza kubisha hodi kwa wengine, lakini yeye mwenyewe hana mlango wenye namba. Mwanafunzi wa Iringa au Mbeya anayetaka kuhifadhi kamusi au rekodi za lugha kwenye kompyuta yake, ili ulimwengu uzifikie, hukwama hapo. Toleo la 6 humpa mlango huo, iwapo swichi zote za njiani zinalifahamu.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Toleo la 4 lingali linatumika, na kulikata ghafla ni kuwakata wenye vifaa vya zamani. Lakini msala mpya hauko mbioni kupita; umekuja kukaa. Busara ni kutandika yote miwili, kununua swichi zinazojua itifaki zote mbili, na kuwafundisha mafundi wetu, kwa Kiswahili, kuzilinda zote mbili.