Nani Anamlea Mlezi?

Kila unapozuka mjadala kuhusu watumishi wanaoacha kazi za ustawi wa jamii, husikia majibu mawili: kuongeza mshahara au kuhubiri uzalendo. Historia ya malezi ya kambo huko Oregon, Marekani, inanishawishi kwamba majibu yote mawili ni pungufu.

Mwaka 1983, Patricia Chamberlain na wenzake katika mji wa Eugene walianza kuwapeleka vijana waliokinzana na sheria katika familia za walezi waliofunzwa kuwasaidia kubadili mwenendo, badala ya kuwafungia katika taasisi. Kazi hiyo ilikuwa nzito. Kijana aliyekwisha kuachwa na wengi humjaribu mlezi wake ili aone kama naye atamwacha. Mlezi akijitoa, jeraha la zamani hufunguka upya.

Kwa sababu hiyo, mpango huo ulifanya kumtunza mlezi kuwa wajibu wa uongozi. Mlezi alipigiwa simu kila siku ya kazi na kuulizwa kijana ameshindaje. Walezi walikutana na msimamizi wao kila wiki, naye alipatikana usiku na mchana.

Mwaka 1992, Chamberlain na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu walezi wa kambo wa kawaida katika jimbo hilo. Kundi moja lilipewa nyongeza ya dola 70 kwa mwezi pamoja na mafunzo, vikao na simu. La pili lilipewa fedha tu. La tatu halikuongezewa chochote. Fedha peke yake ilisaidia kiasi. Lakini katika kundi lililopata fedha na msaada, kiwango cha walezi kujitoa kilikuwa pungufu kwa takriban theluthi mbili kikilinganishwa na cha kundi la tatu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo. Sheria, hata hivyo, haiwezi kumpigia mlezi simu saa nne usiku mtoto anapokataa kurudi nyumbani. Enyi mnaosimamia walezi na maafisa ustawi, posho yao ilipeni kwa wakati, kwani ni haki yao. Kisha jiulizeni: ni lini mara ya mwisho mliwatafuta ili kuwasikiliza, si kuwadai ripoti?