Tuzo za Saturn na hekaya za Nyanza Kusini zisizofika jukwaani

Mwishoni mwa Juni 2018, matukio mawili yaliyofanyika mbali sana na Ziwa Viktoria yaligusa jamii zinazoishi kando ya ziwa hilo. Mnamo Juni 27, mjini Burbank katika jimbo la California, Marekani, filamu ya Black Panther ilizoa tuzo tano katika hafla ya 44 ya Tuzo za Saturn. Wakati huo huo Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikuwa ikikutana Manama, Bahrain, katika kikao kilichoiorodhesha Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyoko Kaunti ya Migori, kuwa sehemu ya urithi wa dunia.

Filamu hiyo inasimulia habari za Wakanda, nchi ya Kiafrika isiyokuwapo, iliyojificha ili watu wa nje wasiijue. Miongoni mwa waigizaji wake wakuu ni Lupita Nyong'o, bintiye Profesa Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa gavana wa Kisumu mwaka wa 2017. Kwa sababu ya uhusiano huo, filamu ilifanyiwa uzinduzi mjini Kisumu mnamo Februari 2018, na wakazi wa mji huo wakajiona kuwa wana sehemu katika ushindi wake.

Hata hivyo, wakati Wakanda ya kubuni ilipokuwa ikishangiliwa, Migori ilikuwa na ngome halisi, na kaunti jirani ya Homa Bay ilikuwa na hekaya zinazotosha kujaza filamu nyingi. Tofauti ni kwamba hekaya hizo hazijapata kufikishwa mbele ya majaji wa tuzo kama hizo.

Chimbuko la tuzo

Tuzo za Saturn hutolewa na Akademia ya Filamu za Kubuni za Kisayansi, Njozi na Vitisho. Akademia hiyo iliasisiwa mjini Los Angeles mwaka wa 1972 na Dkt Donald A. Reed, aliyeamini kwamba filamu za aina hiyo zilikuwa zikipuuzwa na waandalizi wa tuzo kubwa, ambao waliziona kuwa burudani ya watoto na vijana tu.

Saturn ni sayari ambayo Waswahili huiita Zohali. Sanamu anayokabidhiwa mshindi ni mfano wa sayari hiyo, na pete inayoizunguka imetengenezwa kwa umbo la ukanda wa filamu. Washindi huamuliwa kwa kura za wanachama wa akademia. Filamu za kisayansi, za njozi na za kutisha zina vitengo vyake mbalimbali, na kwa miaka mingi sasa vipindi vya televisheni navyo hushindaniwa.

Filamu za kwanza kutuzwa ni zile za mwaka wa 1972. Katika kitengo cha sayansi ilishinda Slaughterhouse-Five, na katika kitengo cha vitisho ikashinda Blacula. Hii ya pili inahusu mwanamfalme wa Kiafrika aliyekwenda Ulaya kutafuta msaada wa kukomesha biashara ya watumwa, akaishia kugeuzwa mnyonya damu na Dracula.

Kwa hivyo Afrika imekuwamo katika tuzo hizi tangu siku ya kwanza. Lakini ilikuwamo kama mada iliyobuniwa na watu wengine.

Jina, sauti na sura

Uhusiano wa burudani hiyo na Afrika Mashariki ni wa zamani kuliko tuzo zenyewe. Septemba 1966, televisheni ya Marekani ilipoanza kuonyesha mfululizo wa Star Trek, miongoni mwa maafisa wa chombo cha anga alikuwamo Uhura, mwanamke mweusi aliyesimamia mawasiliano. Jina lake lilitokana na neno la Kiswahili, uhuru. Katika sehemu ya kwanza kabisa iliyorushwa hewani, kiumbe wa sayari ngeni anajigeuza mwanamume na kumsalimu Uhura kwa Kiswahili. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alitunukiwa na akademia mwaka wa 2016 kwa mchango wake wa maisha yote. Alifariki mwaka wa 2022.

Mfano wa pili ni wa mwaka wa 1983, katika filamu ya Return of the Jedi, iliyotwaa Tuzo ya Saturn ya filamu bora ya kisayansi ya mwaka huo. Ndani yake yumo rubani mwenye mashavu makubwa aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani. Watazamaji wa mataifa mengine walidhani kwamba wanasikia lugha ya viumbe wa anga za mbali, ilhali Wakenya walisikia maneno ya Kikikuyu waliyoyaelewa barabara.

Baadaye sura nazo zikaonekana. Lupita alishiriki Star Wars: The Force Awakens (2015), kisha Black Panther, kisha filamu ya vitisho ya Us (2019), ambamo aliigiza mwanamke na kivuli chake kwa wakati mmoja.

Ukiyapanga hayo yote, utaona kwamba kwa zaidi ya nusu karne Kenya imechangia jina, lugha, sauti na uso. Kilichokosekana ni hadithi yenyewe.

Kijiji kilichozama

Si kwamba hadithi hazipo. Karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, liko ziwa dogo la duara liitwalo Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi na yana rangi ya kijani, na mara nyingine heroe hutua hapo kutafuta chakula. Wanajiolojia huliita ziwa la kasoko, yaani lililotokea katika shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano.

Wenyeji wana maelezo mengine. Husimulia kwamba mahali hapo palikuwa na kijiji cha Simbi, na usiku mmoja wanakijiji walikuwa wakinywa pombe na kucheza ngoma. Akatokea ajuza aliyechoka na kulowa, akaomba mahali pa kujisitiri. Walevi wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia, akamkaribisha na kumpa chakula. Ajuza akamwambia awachukue watu wake waondoke mara moja. Walipokuwa wamefika mbali, mvua kubwa ikanyesha na ardhi ikafunguka, na kijiji kizima pamoja na ngoma zake kikazama.

Mbali na hapo, Nyandiwa katika eneo la Gwassi, husimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare. Alikuwa mvuvi fukara. Siku moja alivuta mtego wake akakuta amenasa ajuza badala ya samaki. Alimchukua nyumbani kwake, na tangu siku hiyo mifugo ikaongezeka hadi boma likafurika. Utajiri ukampa kiburi. Usiku mmoja, akiwa amelewa, alimtukana ajuza huyo na kumkumbusha alikotolewa. Bibi akanyanyuka bila neno, akaelekea ziwani, na ng'ombe, mbuzi na kuku wote wakamfuata hadi majini. Nyamgondho alisimama ufuoni ameegemea fimbo yake akitazama mali ikizama, akageuka mti. Wageni wanaofika Nyandiwa bado huonyeshwa mahali hapo.

Huko Kanyamwa, eneo la Ndhiwa, aliishi Gor, mganga na kiongozi aliyesifika kwa uwezo wa kujigeuza maumbo mbalimbali. Jina lake la sifa, Mahia, linamaanisha maajabu. Wakenya wengi hulitaja kila wiki bila kuwaza uchawi, kwa kuwa limebebwa na klabu ya soka ya Gor Mahia iliyoundwa mwaka wa 1968.

Nayo Thimlich Ohinga iko takriban kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Inaaminika kuwa ilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, na mawe yake yamepangwa bila chokaa wala saruji, yakishikana kwa ufundi wa mpangilio tu. Kwa Kijaluo, jina hilo hufasiriwa kuwa ngome iliyo katika msitu mnene wa kutisha. Mtunzi wa filamu za vitisho angelitafuta jina kama hilo kwa siku nyingi.

Kutoka simulizi hadi kazi iliyokamilika

Zamani hekaya hizi zilikuwa na mahali pake. Wasichana walilala katika nyumba ya bibi mzee, iliyoitwa siwindhe, na humo walisimuliwa visa vya mazimwi na maajabu hadi usingizi uwachukue. Shule za bweni, uhamiaji wa mijini na televisheni viliibomoa desturi hiyo. Pale ambapo mrithi hayupo, bibi anapofariki huondoka na toleo lake la hadithi.

Walakini, tuzo haitolewi kwa simulizi. Hutolewa kwa riwaya iliyochapishwa au filamu iliyokamilika na kuonyeshwa. Wapo Wakenya waliovuka hatua hiyo. Marehemu Grace Ogot, katika mkusanyiko wake wa Land Without Thunder (1968), alisimulia habari za msichana anayetolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Kwa namna hiyo, simulizi ya kando ya ziwa ikawa kitabu kinachoweza kusomwa, kufundishwa na kuigizwa.

Mwaka wa 2009 mwelekezi Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu fupi ya kisayansi ya takriban dakika 20. Inahusu dunia iliyokauka baada ya vita vya kugombea maji, na mwanamke anayehatarisha maisha yake ili mche mmoja uote. Ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka wa 2010, na ikawathibitishia wengi kuwa sanaa hiyo inawezekana Nairobi.

Bara lenyewe nalo lilijiundia jukwaa. Chama cha waandishi wa hadithi za aina hiyo barani Afrika kilizinduliwa mwaka wa 2016 na kuanzisha Tuzo za Nommo, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2017 nchini Nigeria. Jina Nommo limetoka katika imani za Wadogon wa Mali. Riwaya ya kwanza kushinda ilikuwa Rosewater ya Tade Thompson. Mwaka uliotangulia, Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alikuwa ameshinda tuzo za Hugo na Nebula kwa kisa chake kiitwacho Binti, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

Nani mwenye hadithi?

Hatari iliyopo si kusahauliwa peke yake. Hadithi isiyokuwa na mwandishi anayejulikana inaweza kuchukuliwa na kampuni yoyote, ikapewa majina mapya na kuuzwa, huku wenyewe wakibaki kulipia tikiti za kuitazama.

Bunge la Kenya liliona hatari hiyo. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka wa 2016 inazitambua jamii kuwa wamiliki wa turathi zao, na inamtaka anayetaka kuzitumia kibiashara apate kwanza idhini ya wenyewe. Sheria hiyo imezipa serikali za kaunti jukumu la kuwa za kwanza kusajili turathi zilizo katika maeneo yao.

Kwa Homa Bay na Migori, maana yake ni kwamba kazi ya kwanza haihitaji kamera wala fedha za Hollywood. Inahitaji watu wa kwenda Karachuonyo, Gwassi, Ndhiwa na Nyatike, kuketi na wazee, kunasa sauti zao na kuandika kila toleo pamoja na jina la jamii iliyolitoa. Mtunzi wa filamu, awe wa Kisumu au wa California, atajua basi amwendee nani kuomba ruhusa na kuafikiana kuhusu malipo.

Thimlich Ohinga ilifika Manama kwa sababu kuta zake zilipimwa, zikachorwa na kuandikiwa maelezo kwa miaka kadhaa kabla ya kamati kuketi. Simbi na Nyamgondho hazina mawe ya kupimwa. Zimo vinywani mwa wazee, na wanachama wa akademia za tuzo hupigia kura kile tu walichokitazama.