Kuendesha na kuparke moto: usalama hauishi wakati injini inazimika

Katika miji na vijiji vya mashariki ya Kongo, moto ndiyo gari ya watu wengi. Inapeleka mama mjamzito kwa hospitali, inatoa mihogo na makala shambani, inafikisha watoto kwa masomo, na inapita pale gari haiwezi. Kutoka Bunia mpaka Uvira, jamaa nyingi zinakula juu ya kijana mmoja anayeamka asubuhi na kushika gidoni.

Wakati watu wanaongea juu ya usalama wa moto, wanafikiri kwanza mbio. Ni kweli, mbio inaua. Lakini kuna hatari zingine zinazoanza wakati moto imesimama: mapine ambayo hakuna mtu aliangalia asubuhi, klienti anayeshukia upande wa magari, moto iliyowekwa vibaya kwa mteremko, bomba ya moshi inayounguza mguu wa mtoto, ama mafuta inayovuja usiku katika chumba watu wamelala. Motari mzuri anajua kuendesha, na anajua pia kusimama.

Mbele ya kuanzisha injini

Dakika tano za asubuhi zinatosha. Motari aanze na mapine: aangalie kama ziko na upepo wa kutosha, kama hakuna msumari ama sehemu iliyopasuka. Mjini Goma jambo hili linaomba uangalifu zaidi, juu njia nyingi za mitaa ziko juu ya mawe ya lava ya Nyiragongo, ile volkano iliyoshuka mjini tarehe 17 Januari 2002, na ikatoka tena tarehe 22 Mei 2021. Mawe hayo yanakata mapine pembeni, pale ambapo jicho haliangalii haraka.

Kisha mapine, freni mbili, ya mbele na ya nyuma. Kisha mnyororo: kwa moto nyingi za teksi, ukiusukuma na kidole katikati, usipande na kushuka kupita sentimetre 2 mpaka 3. Mnyororo uliolegea unaweza kutoka na kukamata mguu wa nyuma, na moto inaanguka bila kuonya. Mwisho ni taa, klakson na vioo viwili. Watu wengi wanatoa vioo juu vinasumbua wakati wa kupenya kati ya magari. Lakini motari asiye na kioo anageuza kichwa kuangalia nyuma, na wakati huo haoni mbele.

Kaske ya watu wawili

Utafiti ambao Shirika la Afya Duniani (OMS) linautumia unaonyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42%, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 69%. Lakini kaske inayowekwa juu ya kichwa bila kufungwa mkanda haisaidii kitu, juu inaruka mbele ya kichwa kufika chini. Mkanda ufungwe mpaka vidole viwili tu viweze kupita chini yake. Kaske iliyopiga chini kwa nguvu ibadilishwe, hata kama inje haijapasuka.

Klienti wengi wanakataa kaske juu ya uchafu, jasho ama nywele zilizotoka kusukwa. Jibu ni rahisi: kitambaa chembamba na safi chini ya kaske. Wako wamotari wanaotembea na vitambaa hivyo. Wako pia wamama wanaobeba cha kwao ndani ya sakoshi. Kichwa cha klienti si kigumu kupita kichwa cha motari.

Njiani: mwendo na freni

Kwa kilometre 36 kwa saa, moto inapita metre 10 kila sekunde. Mtu wa kawaida anahitaji karibu sekunde moja kwa kuona hatari na kushika freni. Maana yake, mbele freni haijaanza kazi, metre 10 zimeisha pita. Na mbio ikiongezwa mara mbili, nafasi ya kufunga freni inaongezeka mara nne: kama kwa kilometre 30 moto inaomba metre 6 kwa kusimama, kwa kilometre 60 inaomba metre 24. Hiyo ni kwa gudroni kavu. Kwa vumbi, matope ama changarawe, ni mingi zaidi.

Freni ya mbele ndiyo inafanya sehemu kubwa ya kazi, karibu 70%, juu wakati wa kusimama uzito wote unakuja mbele. Wamotari wengi wanaiogopa na wanatumia ya mguu peke yake. Kwa njia kavu na iliyonyooka, sherti kutumia zote mbili, polepole kisha kwa nguvu. Lakini kwa matope, ama katikati ya kona, ile ya mbele ikishikwa kwa ghafla inalaza moto chini.

Mvua nayo ina siri yake. Dakika za kwanza ndizo mbaya zaidi, juu maji inachanganyika na vumbi na mafuta ya injini iliyobaki kwa njia. Ule udongo mwekundu wa Beni na Butembo unakuwa kama sabuni. Vilevile mbao za daraja: zikilowa, motari apite akinyoosha gidoni, bila kufunga freni na bila kukaza gazi.

Katika mji wa milima kama Bukavu, wengine wanashuka injini ikiwa imezimwa ama bila vitesi, kusudi wachunge mafuta. Ni hesabu mbaya. Injini iliyo kwa vitesi ya pili inasaidia kuzuia moto. Bila hiyo, freni zinafanya kazi yote, zinapata joto, na zinaweza kuacha kushika pale chini kabisa, karibu na soko na watu.

Kwa wale wanaovuka mpaka, Kongo, Rwanda na Burundi wanatembea upande wa kuume. Uganda wanatembea kushoto. Kwa Kasindi, Bunagana ama Mahagi, kila motari anakumbuka jambo hilo wakati wa kuvuka. Hatari inakuja nyuma: anasimama kidogo kunywa chai ama kuweka mafuta, anarudi njiani akiwaza mambo mengine, na mkono unamrudisha upande wa mazoea.

Klienti, mtoto na mzigo

Klienti akae akiweka mguu mmoja kila upande. Mama anayekaa upande mmoja juu ya kikwembe anaweza kuomba pale wanatokea dakika moja ya kukifunga vizuri, ama kuvaa suruali chini yake. Ncha ya kikwembe, ya koti ya mvua ama ya kamba ya mzigo ikiingia katika mnyororo ama gurudumu, inavuta mtu mpaka chini.

Mtoto asiwekwe mbele, juu ya tanki. Moto ikisimama kwa ghafla, gidoni inampiga kifua na uzito wa motari unamkandamiza nyuma. Na watu watatu juu ya moto moja, pamoja na bidoni ya maji ya litre 20, yaani kilo 20 zingine, wanafanya freni iwe kama haipo.

Kusimama kuchukua ama kushusha mtu

Motari anayeitwa na klienti upande wa pili wa barabara asikate njia pale pale. Aweke klinyota, aangalie kioo, apite mbele, ageuke pale anaonekana. Klienti apande na ashuke upande wa kushoto wa moto, juu bomba ya moshi iko kuume kwa moto nyingi za teksi, kama TVS na Boxer. Lakini kwa sisi tunaotembea kuume, upande wa kushoto ndiyo upande wa magari. Kwa hiyo sherti moto itoke kabisa barabarani mbele mtu hajashuka, hata kama klienti anasema ana haraka.

Kuparke mchana

Bekiye, kile chuma cha kusimamisha moto, inafanya kazi kwa uwanja mgumu. Kwa udongo wa mvua inazama polepole, na moto inaanguka wakati mwenyewe ameisha kwenda. Jiwe bapa ama kipande cha ubao chini yake kinatosha. Kwa mteremko, moto iangalie juu na iachwe kwa vitesi ya kwanza. Ikiangalia chini, inaweza kusukuma bekiye ikajikunja, na moto inaondoka peke yake.

Moto zinazopangwa kwa msururu ziachiane nafasi, juu moja ikianguka inabeba zingine. Na ziache njia ya watembeaji: pale wamotari wanajaza kando yote ya barabara, wanafunzi wanalazimika kutembea katikati ya magari. Kona, daraja, kichwa cha kilima na mlango wa hospitali si parkingi hata kwa dakika mbili.

Mwenye kushuka afunge gidoni na kubeba ufunguo. Na moto iliyotoka safari isiachwe pale watoto wanacheza, bomba ikiangalia upande wao. Bomba ile inaendelea kuunguza dakika nyingi kisha injini kuzimwa. Mtoto akiungua, amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kula ama udongo vinaharibu kidonda. Kama ngozi imetoka ama kidonda ni kikubwa, apelekwe kwa kituo cha afya.

Usiku ndani ya nyumba

Juu ya wezi, jamaa nyingi zinalaza pikipiki sebuleni. Inaeleweka: kwa wengine ndiyo mali yote ya nyumba, na pengine deni yake haijaisha. Lakini mvuke wa esansi ni mzito kupita hewa. Haupandi juu, unatambaa chini kwa sakafu mpaka unakuta mbabula, mshumaa ama taa ya petroli. Hapo miali inarudi mbio mpaka kwa tanki.

Kama kuna kiwanja kilichofungwa, pikipiki ilale inje, chini ya paa, imefungwa kwa nyororo kwa nguzo ama dirisha la chuma. Kama sherti iingie ndani, mambo haya yasisahauliwe: injini ipoe kwanza inje, robine ya mafuta ifungwe na kifuniko cha tanki kikazwe, iwekwe mbali na vitanda na mbali na jiko, na hakuna bidoni ya esansi kando yake. Zaidi ya yote, isizibe mlango. Nyumba nyingi ziko na mlango mmoja tu, na usiku wa hatari mlango ule ndio uzima wa watoto.

Asubuhi, isianzishwe ndani kusudi ipate joto. Moshi wa injini una gesi ambayo haina harufu wala rangi, na inaweza kuua watu katika chumba kilichofungwa.

Ajali ikitokea

Wa kwanza kufika azime injini na kufunga mafuta, kisha atume mtu kusimamisha magari pande mbili. Damu inayotoka sana ikandamizwe na kitambaa safi bila kuachia. Kaske ya aliyeumia isivutwe kama anapumua, na asikunjwe juu ya moto ingine katikati ya watu wawili, juu mgongo uliovunjika unaweza kumuacha bila miguu maisha yake yote. Ubao mpana, ama mlango uliotolewa, unabeba mtu vizuri kupita mikono kumi inayovuta kila upande.

Sheria ya barabarani, ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamhusu motari sawa na dereva wa gari, na polisi wa barabarani anaweza kumuomba vitabu vyake siku yoyote. Lakini bekiye iliyozama, mkanda wa kaske uliolegea na mlango uliozibwa usiku, hakuna polisi anayepita kuviangalia. Hiyo kazi ni ya motari mwenyewe, ya klienti wake, na ya watu wa nyumba yake.