Kufumbua Sataranji

Wanahisabati wanaposema mchezo umefumbuliwa, hawasemi kwamba amepatikana bingwa asiyeshindika. Wanasema imethibitishwa mchezo utaishaje iwapo pande zote mbili hazikosei. Kwa dhana hii nashikilia neno ufumbuzi, na suluhisho naliweka kando pamoja na ndugu yake suluhu. Michezoni suluhu tayari ni matokeo: timu mbili hazikufungana. Mwandishi akiandika kwamba sataranji imepata suluhu, msomaji hatajua kama fumbo limefumbuliwa au wachezaji wametoka sare. Utata huo ni mbaya zaidi hapa, maana wachunguzi wengi wanaamini kuwa jibu la sataranji, likipatikana, litakuwa hilohilo: sare.

Ufumbuzi una ngazi. Wa chini hutaja matokeo tu, wa kati huonyesha pia namna ya kuyafikia tangu mwanzo wa mchezo, na ufumbuzi kamili hujibu kwa kila mpangilio wa kete. Drafti ya kanuni za Kiingereza ilifikia ngazi ya kati mwaka 2007, Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipothibitisha kuwa ni sare. Kazi hiyo ilianza 1989. Idadi ya mipangilio ya drafti hiyo ina tarakimu 21. Ya sataranji inakadiriwa kuwa na tarakimu 45.

Kilichofumbuliwa katika sataranji ni miisho ya kete 7 kushuka chini, wafalme wakiwemo. Na hapo ndipo kanuni za sare zinapoonyesha uzito wake.

Kanuni ya marudio haibadilishi jibu. Mpangilio ukijirudia mara 3 mchezaji anaweza kudai sare, lakini mwenye njia ya hakika ya ushindi hana haja ya kurudi alikotoka. Kanuni ya hatua 50 ni jambo jingine. Ikiwa kila upande umecheza hatua 50 bila kete kuliwa wala kitunda kusogezwa, sare inaweza kudaiwa, hata kama ushindi ulikuwepo kweli. Maaskofu wawili dhidi ya farasi mmoja ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi vitabu viliuhesabu mwisho huo kuwa sare. Katika miaka ya 1980 kompyuta ya mtaalamu Ken Thompson ilionyesha kuwa kwa kawaida ni ushindi, ila penye ugumu mkubwa unahitaji hatua 66. Shirikisho la dunia, FIDE, liliwahi kuongeza hatua kwa miisho ya namna hii, kisha mwaka 1992 likarudisha 50 kwa yote.

Ushindi kama huo napendekeza tuuite ushindi uliokwama: upo ubaoni, lakini kanuni haiupi nafasi ya kutimia.

Basi anayetaka kuifumbua sataranji hawezi kutazama kete peke yake. Mpangilio uleule unaweza kuwa ushindi hesabu ya hatua 50 ikiwa kwenye hatua ya 10, na sare ikiwa kwenye ya 40. Majedwali ya miisho iliyofumbuliwa yaitwayo Syzygy, yaliyofika kete 7 mwaka 2018, huutenga ushindi uliokwama na ushindi halisi. Kamusi ya istilahi ya Kiswahili nayo, inapoeleza ufumbuzi wa sataranji, itaje ni kwa kanuni zipi.