Nondo wa Harvard na Asili ya Neno "Bug"

Kila ifikapo tarehe 9 Septemba, wapenzi wa kompyuta humkumbuka nondo aliyekutwa mwaka 1947 ndani ya mashine ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye, kwa madai ya wengi, ndiye sababu ya Waingereza na Wamarekani kuziita hitilafu za mitambo "bug", yaani mdudu. Hadithi ni tamu, walakini tarehe zaikanusha.

Miles Coverdale, alipoifasiri Biblia kwa Kiingereza mwaka 1535, alilitumia neno hilo katika Zaburi ya 91 kwa maana ya vitisho vya usiku, mithili ya mazimwi. Maana ya mdudu ilishika baadaye. Ama maana ya kasoro, mvumbuzi Thomas Edison alimwandikia mshirika wake Theodore Puskas mwezi Novemba 1878 kwamba fikra ya uvumbuzi humjia kwa ghafula, kisha hujitokeza vijikasoro viitwavyo kwa jina hilo hilo, navyo vyahitaji miezi ya kuviangalia na kuvisumbukia kabla faida au hasara haijabainika.

Nondo mwenyewe alikuwa amenaswa katika swichi ya sumaku namba 70, kwenye paneli F, ya mashine hiyo iliyoundwa kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani. Mafundi walimtoa, wakambandika kwa selotepu katika daftari la kazi penye saa 9:45 alasiri, wakaandika chini yake kwamba hii ndiyo mara ya kwanza kukutwa mdudu wa kweli. Na mzaha huo usingekuwa na ladha yoyote lau neno lenyewe lisingekuwa tayari vinywani mwao. Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa jeshi hilo, alikisimulia kisa hiki kwa ufasaha hata watu wakamnasibishia yeye, ilhali mwenyewe hakudai kuwa ndiye aliyemkuta nondo. Na mafundi, kwa dhuluma ya sifa, aghalabu hawatajwi. Mtafiti wa asili za maneno, Fred Shapiro, aliyabainisha haya katika jarida la American Speech mwaka 1987, wala uvumi haukukoma.

Mwaka 2000 ulipokaribia, ilipohofiwa kwamba kompyuta zingekosea tarehe, neno hilo liliitia dunia hofu, kisha likazoeleka.

Daftari, na nondo wake, limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, Washington. Mwalimu atakayewasimulia wanafunzi wake kisa hiki, na aanze na barua ya Edison.