Tusome hesabu za jimbo tukijua tulikotoka



Kila mara serikali ya jimbo inapotoa taarifa juu ya uchumi, biashara na kazi za maendeleo, mikutano yetu inakuwa mirefu. Mmoja anauliza bandari ya Kalundu itatengenezwa lini. Mwingine anauliza Kiliba. Mama moja huko nyuma anauliza tu maji ya bomba, na kwetu sisi swali lake ndilo la kwanza. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, serikali ya Kivu Kusini ilihamia hapa Uvira. Ofisi ambazo zamani tulizifuata juu ya milima zikaja mjini kwetu. Basi tumeona vema kuandika historia kidogo, ili mtu anaposikia ahadi ajue kama ni mpya au ni ile ya babu yake.

Mzungu wa kwanza kuandika juu ya biashara ya Uvira alikuwa Burton, aliyefika hapa na mwenzake Speke Aprili 1858, kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Alichokitafuta ni mto Ruzizi: je, unatoka ziwani au unaingia? Wenyeji walimwambia unaingia, naye hakufurahi, maana alitamani uwe mto Nili. Lakini aliandika pia mali aliyoiona ikitoka huku: pembe, watumwa, nafaka, nguo za magome ya miti, vyuma. Na chumvi ya Uvinza ilikuwa ikizunguka ziwa lote. Watumwa hao walikuwa watu wa pande zetu hizi, na hakuna hesabu yoyote iliyotuambia majina yao. Taarifa ile ya kwanza ya uchumi wa Uvira ilihesabu vinavyotoka. Vinavyobaki haikuvihesabu.

Wabelgiji waliendelea vilevile, ila kwa vyombo vikubwa zaidi. Katika uwanda wa Ruzizi walilazimisha watu kulima pamba. Wazee wetu walikuwa wakisimulia pamba ile kama adhabu, maana aliyekosa kulima alipigwa faini au kufungwa. Kisha ikaja reli. Ndiyo, tulikuwa na reli! Vijana wengi wanakataa tukiwaambia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 treni ilikuwa ikitoka Kalundu, inapita Uvira na uwanda wote hadi Kamanyola, kilometa zipatazo 94. Mpango ulikuwa ifike Bukavu, ili ziwa Tanganyika na ziwa Kivu ziunganike. Ilifika chini ya milima ikasimama. Kutoka hapo mizigo ilipanda kwa malori. Mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru, reli ikafungwa. Kwa hiyo mtu akisema leo kwamba tatizo la njia ya Bukavu lilianza na vita, mjibuni kwa heshima kwamba mlima wa Ngomo ulimshinda hata mkoloni mwenye reli.

Kitu kimoja cha wakati ule kilibaki na faida kwa wenyeji: kiwanda cha sukari cha Kiliba, cha miaka ya 1950. Hatusemi kilikuwa paradiso. Lakini kilileta mshahara wa kila mwezi, kambi ya wafanyakazi, na mashamba ya miwa ambayo yalilisha pia soko la Sange na la Uvira. Mshahara wa mtu mmoja wa Kiliba ulisomesha watoto wa nyumba tatu. Kiwanda hiki kilipita katika uasi wa 1964, kikapita katika zairianizasyo ya Novemba 1973, pale Mobutu alipochukua maduka na mashamba ya wageni na kuwapa watu ambao wengi hawakujua hata kuagiza mzigo. Hakikupita mwaka 1996. Vita vilipoingia Uvira mwezi wa Oktoba, kilifungwa. Tangu hapo kufufuliwa kwake kumetangazwa zaidi ya mara moja, chini ya serikali zaidi ya moja.

Sisi wenyewe wakati huo tulikuwa tunavuka ziwa. Wengine walikimbilia Burundi, wengi Kigoma, halafu Nyarugusu na Lugufu. Vita vya 1998 viliongeza wengine. Hatutaki kurudia hadithi ya kambi, kila nyumba iko na yake. Tunataka tu kukumbusha jambo moja kwa wafadhili wetu: HCR ilipoanza kuturudisha kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, Oktoba 2005, hapakuwa na kiwanda kilichotungojea, wala benki. Watu walishuka na magunia, sufuria na chakula cha miezi michache. Waliokuta parseli zao zina watu wengine walipanga chumba au walilala kwa ndugu. Kilichoanzisha uchumi ni ndagala, muhogo, likilimba za akina mama, na mtaji mdogo wa kwenda Bujumbura asubuhi na kurudi jioni kupitia Kavimvira. Chama chetu kilizaliwa humo. Ndiyo sababu tunapoona katika hotuba kwamba uchumi wa Uvira "utaanzishwa", tunacheka kidogo.

Sasa tuje kwenye sheria, na tunaomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo pesa ilipo. Katiba ya Februari 2006, katika kifungu cha 175, inasema jimbo libakize asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa ndani yake, tena yabakizwe palepale kwenye chanzo, yasiende Kinshasa kwanza. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi inaongeza kwamba wao nao wanastahili asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Tupige hesabu kwa franka. Katika kila franka 100 za mapato hayo, 40 ni za jimbo, na katika hizo 40, franka 16 ni za ngazi za chini: mji wa Uvira na komini zake, sheferi ya Bavira, ya Bafuliiru, ya uwanda wa Ruzizi, sekta za Fizi, na wengine wote wa jimbo, wakigawana. Kwa madini kuna mgawo wake: tangu sheria ya madini ya 2018, katika mrabaha unaolipwa na makampuni, jimbo lina asilimia 25 na ngazi ya chini ambako mgodi uko ina 15.

Kwenye karatasi ni vizuri sana. Katika maisha, pesa nyingi zimeendelea kupanda Kinshasa kwanza, halafu kurudi zikiwa pungufu na zimechelewa, na jimbo nalo likawafanyia komini hivyo hivyo. Mtu hawezi kumlaumu gavana peke yake. Lakini taarifa ya jimbo inayotaja miradi tu, bila kusema Kinshasa imerudisha kiasi gani na jimbo limeshusha kiasi gani kwenye miji na sheferi, hiyo ni nusu ya taarifa. Mradi kama ule wa territwari 145, unaojenga shule, vituo vya afya na ofisi, ni pesa ya serikali kuu. Ni mzuri, ila tusiuchanganye na franka 16 zetu.

Na maji. Utafiti uliofanywa hapa Uvira na watu wa chuo cha afya cha London pamoja na wizara ya afya, kwa takwimu za 2009 hadi 2014, ulionyesha kitu ambacho akina mama walikuwa wanakijua bila kompyuta. Siku REGIDESO isipotoa maji, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu wanazidi mara mbili. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walitokana na kupanda na kushuka kwa maji ya bomba. Bomba likikauka, watu wanarudi ziwani na mitoni. Baada ya hapo ilipatikana pesa ya Ufaransa, ya Umoja wa Ulaya na ya wakfu wa Veolia, mabomba na vituo vya kuchotea vikaongezwa. Tunawashukuru kwa moyo.

Halafu usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ukashuka. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaenda, daraja likaenda, na REGIDESO, ambayo inachota maji katika mto huohuo, ikaumia nayo. Mlima juu yetu umekatwa miti, na sisi chini tumejenga hadi ndani ya njia ya mto, tena kwa hati zilizotiwa saini na kulipiwa. Miaka iliyofuata ni ziwa lenyewe lililopanda, likaingia Kalundu bandarini na katika nyumba za pwani. Ukijenga bomba bila kulinda mlima, umelipia kitu kimoja mara mbili. Hilo tungependa kuliona katika hesabu: pesa ya matengenezo, kando na pesa ya kufungua mradi kwa kukata utepe.

Barabara ni habari fupi, kila mtu anaijua kwa mgongo wake. RN5 ndiyo mshipa wetu, na kwa miaka mingi msafiri wa Bukavu alipitia Rwanda kukwepa Ngomo. Ni katika barabara hii, Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na kuua watu zaidi ya 230. Bandarini tunasikia mengi: Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na reli ya Uvinza hadi Musongati, Burundi, inakusudiwa siku moja kufika Uvira na kuendelea hadi Kindu. Uvinza tena, ile ya chumvi. Tungefurahi. Tumeshakuwa na reli, tunajua sauti yake.

Mwaka 2025, Bukavu ilipokatwa, Kavimvira na Kalundu zilikuwa kati ya milango michache ambayo jimbo liliweza kukusanyia pesa. Maana yake ni kwamba mama mwenye mabeseni mawili ya ndagala na kijana wa magunia ya unga walibeba sehemu kubwa ya serikali kuliko zamani. Kamati imeamua kuandika barua kwa serikali ya jimbo na kwa ofisi ya mji, kuomba taarifa ijayo ionyeshe mapato ya milango hiyo miwili na fungu lililoshuka mjini.

Ili barua yetu isiwe maneno matupu, tunaomba kila mwanachama anayevusha mzigo alete katika mkutano ujao risiti zake zote za mwaka huu, hata zile zilizochanika. Asiyepewa risiti aje pia, atueleze alilipa wapi na kiasi gani. Hatutaandika jina la mtu. Makatibu wawili watakuwa mezani kuanzia saa mbili asubuhi kuzijumlisha.