Pasti pepa ya Cambridge, itemu za Kongo, na Jumamosi zetu Mantapala

 

Joto la Oktoba liko mlangoni na mtihani uko nyuma yake. Kila jioni tunapata swali lile lile kwenye simu: "Yaya, kuna pasti pepa ya hesabu?" Ndiyo, zipo. Lakini mbele ya kuzigawa tunataka kuwaeleza karatasi hizi zilitoka wapi, juu sisi wenyewe tulizitumia vibaya na tukalipa.

Mwaka wetu wa kwanza wa kuandika mtihani Zambia tulikuwa kundi la vijana tuliopitia Kenani, tukahamishiwa Mantapala, hatuna vitabu. Mmoja wetu akashuka Kashikishi, akarudi na kibunda cha fotokopi za zamani, ya karibuni kabisa ilikuwa ya 2013. Tukashangilia. Tulizifanya mara tatu, mara nne, mpaka mtu akitaja "swali la saba" wengine wanaitikia jibu kwa sauti kama kwaya. Tukaamini tumeiva. Siku ya mtihani tukafungua karatasi, tukakuta flochati na sudokodi, yani hatua za kompyuta zilizoandikwa kwa vibox na maneno. Tukakuta na kalkulasi. Mwenzetu mmoja aliinua mkono kumwambia msimamizi kwamba amepewa karatasi ya somo lingine.

Hakuna aliyetuonea. Mtaala wa Zambia ulibadilishwa 2013, na wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 12 kuandika mtihani wa mtaala huo waliandika 2016. Karatasi zetu zote zilikuwa za mtaala uliokufa. Jibu lilikuwa juu kabisa ya kila ukurasa, ni mwaka tu, na hatukuusoma.

Matokeo yalitoka wakati uvuvi umefungwa, ile miezi ya Desemba mpaka Februari ambapo mwambao wa Mweru unakuwa kimya na chisense inapanda bei. Wengi wetu tulipata 9. Mama mmoja jirani alipiga vigelegele kusikia mtoto wake kapata 9, juu kwetu Kongo 9 juu ya 10 ni kuchinja kuku. Ilibidi mtu amweleze polepole kwamba hapa namba inahesabiwa kinyume: 1 ndiyo bora, 9 ni kuanguka. Hatujasahau uso wake.

Sasa historia yenyewe.

Zamani, katika chuo kikuu cha Cambridge huko Uingereza, kulikuwa na mtihani wa hesabu ulioitwa Tripos. Katika karne ya 19 vijana waliuandika Januari, kwenye baridi kali, siku baada ya siku, ndani ya jengo linaloitwa Senate House. Haukuwa mtihani wa kupita au kuanguka tu, ulikuwa mashindano. Majina ya waliopata heshima yalipangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Wa kwanza aliitwa Senior Wrangler na magazeti yalimwandika. Wa mwisho wenzake walimpa kijiko kikubwa cha mti, mwiko hasa! Sisi tulicheka, maana kwa Kiswahili mwiko ni pia jambo lisilofanywa. Waingereza hawakujua walivyopatia.

Pale penye nafasi ya kwanza moja na vijana wengi wanaoitaka, biashara ya maandalizi haikawii kuzaliwa. Walitokea walimu wa kulipwa wa kuandaa wanafunzi, na maswali ya miaka iliyopita yakachapwa na kuuzwa vitabuni. Aliyejulikana kuliko wote ni Edward Routh. Mwaka 1854 alikuwa wa kwanza, na aliyemfuata, wa pili, alikuwa James Clerk Maxwell, yule aliyekuja kueleza mwanga kwa hesabu za umeme na sumaku. Yani mkubwa wa fizikia alishindwa na mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia. Tunalitaja hili kwa wale waliopata 9.

Routh alifundisha kwa zaidi ya miaka 30, na zaidi ya wanafunzi wake 20 wakawa wa kwanza. Alikuwa na desturi ya kutoa karatasi ya maswali kila wiki: wiki moja unaifanya kwa nafasi yako, wiki nyingine unaifanya kwa saa kama mtihani. Halafu alama zinabandikwa wote wazione, na majibu kamili yanawekwa ili kila mtu aone alipoteleza. Tazameni vizuri hapo. Karatasi ilikuwa mwanzo tu, kazi kubwa ilikuwa kurudi kwenye makosa. Sisi na kibunda chetu cha Kashikishi tulikuwa na karatasi bila saa, bila alama, bila kurudi.

Ilifikaje Luapula? Mwaka 1858 Cambridge ilianza kutahini na wanafunzi wa sekondari nje ya chuo, baadaye na wa makoloni. Katika Rhodesia ya Kaskazini sekondari ya kwanza ya Waafrika ilikuwa Munali, Lusaka, iliyoanza 1939. Kenneth Kaunda alisoma hapo. Karatasi zilitoka Uingereza. Mlango ulikuwa mwembamba vibaya: Zambia ilipopata uhuru 1964 raia wake waliohitimu chuo kikuu walikuwa kama mia moja tu kwa nchi nzima. Baraza la Mitihani la Zambia liliundwa kwa sheria ya 1983, na sasa maswali yanatungwa na kusahihishwa hapa hapa. Lakini angalieni juu ya karatasi ya hesabu ya gredi ya 12: imeandikwa 4024. Hiyo ni namba ile ile ya hesabu ya Cambridge, Silabasi D, mpaka leo. Mtoto wa Mantapala anaandika chini ya namba iliyotoka kule kule kwa Routh.

Na ng'ambo ya ziwa? Mpaka kati yetu uliandikwa kwenye mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold. Mstari ukapita ndani ya Mweru, ukapindishwa kusini kidogo ili kisiwa cha Kilwa kiwe cha Waingereza. Ndiyo maana leo kuna Kilwa kisiwa upande wa Zambia na Kilwa mji upande wa Kongo, na wavuvi wanasalimiana kwa Kibemba kile kile. Samaki hawakuambiwa. Shule ndizo ziliambiwa. Kongo ilipopata uhuru 1960, waliohitimu chuo kikuu hawakufika hata 30. Katika miaka ya 1960 serikali ikaweka Examen d'État, mtihani mmoja kwa nchi nzima, na huo unaandikwa kwa itemu: swali moja, majibu kadhaa yamepangwa chini, wewe unachagua.

Wakubwa zetu kule walijiandaa kwa itemu za miaka iliyopita, na walikuwa wakali. Ujuzi wa itemu ni wa kweli, tusiudharau. Unajifunza kuona haraka jibu lipi haliwezekani. Unachukua majibu unayarudisha ndani ya swali, linalokubali ndilo. Lakini chukua ujuzi huo uvuke nao maji, ukae mbele ya 4024. Hakuna majibu ya kuchagua. Unaambiwa uonyeshe kazi yako yote. Msahihishaji anatoa alama kwa njia, siyo kwa jibu peke yake. Kijana wetu mwenye kichwa kizuri anakokotoa yote kichwani, anaandika namba moja chini, na kama amekosea ishara tu anapata sifuri pale ambapo jirani yake aliyekosea vile vile lakini akaandika hatua anaondoka na alama mbili.

Halafu kuna mambo madogo yanayoumiza. Kwetu nusu ni 0,5 kwa koma, hapa ni 0.5 kwa nukta. Kwetu tuliandika tg, hapa ni tan. Kugawanya kwetu kigawanyo kinakaa kulia, hapa kinakaa kushoto. PPCM inakuwa LCM. Milliard yetu hapa ni billion. Hesabu ni ile ile, nguo ndizo zimebadilika, lakini kama nguo zimekuchanganya dakika tano kwenye kila swali, saa mbili zimekwisha. Mambo haya hakuna kitabu kilichotufundisha. Tuliyaona kwa kufanya karatasi ya majaribio, mtu akasahihisha, akauliza: "Hii tg ni nini?"

Ninyi wa mashirika mtuvumilie hapa. Mara nyingi mmetuletea vitabu, na tunashukuru. Ila kijana aliyesoma mpaka wa mwisho kule Moba au Pweto, mwezi mmoja mbele ya mtihani, hana shida kubwa ya kitabu. Anahitaji karatasi ya 2016 kuja juu, na mtu wa kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Fotokopi ishirini zingemsaidia kuliko katoni moja.

Tulisoma pia habari ya watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliochapisha utafiti wao 2006. Waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Wengine walikirudia kukisoma tena na tena, wengine walisoma kidogo kisha wakajitahini bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja ikageuka: waliojitahini wakawa mbele, na mbali. Kilikuwa kifungu cha maneno, siyo hesabu, kwa hiyo tusikivute kupita kiasi. Lakini sisi tulijitambua. Ile kwaya ya "swali la saba" ilikuwa kusoma tena na tena. Hatukuwa tunajitahini, tulikuwa tunaimba.

Na Cambridge wenyewe walichoka. G. H. Hardy, aliyetoka wa nne 1898, alipiga vita Tripos kwa miaka mingi, akisema inafundisha watu kukimbia mbio za mtihani badala ya hesabu. Majina ya mwisho kusomwa kwa mpango yalikuwa ya 1909, na mwiko wa mwisho ukatolewa mwaka huo. Hardy alikuwa na haki. Tatizo ni kwamba Hardy alikuwa tayari ndani. Sisi tuko nje ya mlango. Ufadhili kama DAFI, ule wa Ujerumani na UNHCR tangu 1992, una waombaji wengi kuliko nafasi, na cheti ndicho kinaangaliwa mapema. Kwa hiyo tunajifunza hesabu mwaka mzima kama anavyotaka Hardy, na wiki sita za mwisho tunafanya kama Routh. Wengine kati yetu hawakubali mgawanyo huo, wanasema wiki sita ni nyingi. Tumebishana, tumebaki na sita.

Basi ndivyo tunavyofanya Jumamosi zetu. Asubuhi ni Pepa ya 1, saa mbili kamili, bila kalkuleta, juu kwenye mtihani hairuhusiwi, na mkono uliozoea simu unasahau 7 mara 8. Tunaanza mapema mbele ya bati kupata moto. Simu moja tu inakaa mezani kuhesabu saa. Nani anataka maji akanywe kabla. Kila mtu anaandika kwenye daftari lake, karatasi yenyewe haiguswi na kalamu, maana itafanya kazi mwakani. Fotokopi ikikosekana tunanakili maswali ubaoni, inachukua muda lakini inakwenda. Pepa ya 2 ni wiki inayofuata, saa mbili na nusu, na hapo kalkuleta inaruhusiwa.

Mchana tunabadilishana madaftari. Hakuna kusahihisha la kwako, tumejaribu, macho yanasamehe. Anayesahihisha anaandika pembeni aina ya kosa: hakujua, hakusoma swali, alikosea ishara, saa iliisha. Hayo manne yana dawa tofauti. Asiyejua arudi kwa mwalimu. Asiyesoma swali apige mstari chini ya maneno, hasa kama Kiingereza bado kinamsumbua. "Hence" peke yake imetuangusha wengi, maana yake ni utumie jibu ulilolipata juu. Yule wa saa aruke swali na kurudi baadaye. Swali ulilokosa linaingia daftari la makosa, na Alhamisi unalifanya upya bila kuangalia. Ukilipata unalikata. Ukilikosa tena linabaki.

Alama tunazibandika, kama Routh, ila kwa namba za siri siyo majina. Hili liliamuliwa baada ya msichana mmoja kuacha kuja. Alikuwa na nguvu kuliko wengi wetu kwenye matriki na mzunguko wa dunia, ile ya latitudo na longitudo, lakini Jumamosi moja alama zake zilishuka, watu wakacheka, basi. Tulikwenda kwao mara mbili. Mara ya pili baba yake alitupokea vizuri, akasema mtoto yuko sokoni. Hakurudi mwaka ule. Mwaka huu ameandikisha jina, la kwanza kwenye orodha.

Karatasi moja, ya karibuni kuliko zote, hatuifungui. Imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, iko kwa mama mmoja muuza chisense ambaye hajui kusoma Kiingereza na hapokei bembelezo. Itafunguliwa Jumamosi ya sita. Jumamosi ya kwanza ni wiki hii, saa moja asubuhi. Njoo na penseli, rula, na kigoda chako, mabenchi hayatoshi.